Kilomita Elfu Kumi na Tatu, na Saa Mbili za Ziada

"Kilomita elfu kumi na tatu, mia tatu thelathini na tano," nilisema. "Hiyo ni kama ungevuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka hapa Bergen mpaka Puerto Montt, Chile. Ndege ya moja kwa moja haipo. Ingekuwepo, ingechukua saa kumi na tano na kitu. Kwa kupitia Madrid na Santiago ni saa ishirini na nane. Kumi na tisa uko hewani, tisa umekaa tu uwanjani unasubiri."

Halvor alisimama katikati ya njia. Maji ya mvua yalikuwa yanamdondoka kutoka kwenye kofia ya koti mpaka puani, wala hakujishughulisha kuyapangusa.

"Nimekuuliza nini, Torunn?"

"Umeniuliza kama nitakuja."

"Na wewe umenijibu nini?"

Jamani, ningesema nini? Kazi yangu mimi ndiyo hiyo. Mwaka wa tisa huu nakaa kwenye ofisi ya ghorofani pale uwanja wa ndege, nazipangia ndege njia: zipite wapi, upepo wa huko juu ukoje, mafuta yatatosha au hayatoshi. Mtu akinitajia viwanja viwili, kabla hajafunga mdomo kichwa changu kimeshaanza kupiga hesabu. Wenzangu wakiogopa hulia. Mimi nikiogopa hutaja namba, na jioni ile niliogopa kweli kweli.

Halvor ni daktari wa samaki. Msicheke, maana nilishacheka mimi kwa niaba yenu nyote siku ya kwanza aliponiambia, na akaningoja nimalize, kisha akaniuliza kama nimekula. Ndivyo alivyonipata. Sasa kampuni moja ya Chile inayofuga samoni ilikuwa imempa mkataba wa miaka miwili, na safari ilikuwa kesho yake. Alichotaka kwangu kilikuwa kitu kimoja tu: baada ya miezi mitatu, nikishaaga kazini, nimfuate. Kule akifika tu wangemuuliza, anataka nyumba ya familia au chumba cha mtu mmoja? Alitaka aondoke anajua jibu.

Na tulikuwa tumetoka kwa baba yangu, ambako mambo yalikuwa yameharibika mezani.

Baba yangu anaitwa Audun, nahodha mstaafu wa meli za mafuta, mtu wa maneno machache. Alitupikia kababu za samaki na viazi, kama Jumatano zote tangu mama afariki. Alikula kimya mpaka akamaliza, akajifuta mdomo, halafu akamgeukia Halvor.

"Wewe ni kijana mzuri. Sina neno baya juu yako. Lakini mimi nilikaa mbali na nyumbani miaka kumi na miwili. Huyu hapa, alipokuwa na miaka minne, niliingia mlangoni na begi langu, akamkimbilia mama yake jikoni akamwambia, 'Mama, kuna mtu.' Kuna mtu! Mimi, baba yake. Kwa hiyo mapenzi ya mbali usinifundishe. Nenda Chile kwa amani, ila usimwache binti yangu ananing'inia kwenye simu."

"Sitaki asubiri, Audun. Nataka aje."

"Aje afanye nini? Awapangie samaki njia?"

Nilitaka kucheka. Nikamtazama baba, nikaona anaushika uma kwa nguvu kuliko unavyohitaji kushikwa, nikaacha. Nikienda mimi, nani angekaa kwenye kiti changu Jumatano? Hilo sikulisema. Nikainuka nikaosha vyombo ambavyo hata havikuwa vichafu sana.

Ndiyo hivyo tukajikuta njiani, kwenye mvua, mimi natoa kilomita.

"Sikiliza," Halvor alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Halvor akishusha sauti ujue amekasirika. "Mimi siyo rubani. Sihitaji njia. Kesho kabla sijapanda ndege nataka neno moja kutoka kwako, ndiyo au hapana. Ukisema hapana nitaumia, lakini nitajua. Hizi namba zako siwezi kuzibeba miaka miwili."

"Na baba je?"

"Baba nimemsikia, amesema vizuri tu. Wewe ndiye sijakusikia bado."

Tramu ikaja. Akapanda. Kwenye mfuko wa koti lake ilikuwa inachungulia karatasi niliyokuwa nimemwandikia siku mbili kabla: safari yake yote kwa mkono wangu, mstari kwa mstari, kila ndege na saa yake ya kuondoka. Aliniangalia kupitia kioo kilichojaa mvuke. Nilitaka niigonge ile tramu kwa ngumi, niiambie isimame. Nikainua mkono nikampungia, na yeye hakunipungia.

*

Asubuhi nilikuwa kazini kuanzia saa kumi na mbili. Mpango wangu ulikuwa umenyooka: ndege ya Madrid inaondoka saa nane na dakika kumi mchana, Halvor atafika saa sita na dakika kumi, nami zamu yangu inaisha saa sita kamili. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kutafuta neno moja. Kufikia saa nne sikuwa nimelipata.

Mwenzangu wa zamu ni Oddny, mama wa miaka hamsini na nane ambaye hana siri wala hamtunzii mtu siri yake. Alikuwa dirishani na kikombe chake cha kahawa, anatazama chini kwenye ukumbi wa abiria.

"We Torunn, yule daktari wako wa samaki anaondoka leo, siyo?"

"Saa nane na dakika kumi."

"Basi mwenzako ana hamu ya kukukimbia. Yuko hapo chini na mabegi mawili, anazozana na kaunta."

"Haiwezekani. Saa nne hii?"

Nikaenda dirishani. Ni yeye. Kaunta haikuwa imefunguliwa, hakuna hata mtu nyuma yake, na Halvor amesimama mbele yake ameshika karatasi yangu, anaisoma, anatazama ubao wa safari, anaisoma tena.

Nilifungua daftari langu ambako nilikuwa nimeandika nakala. Mstari wa kwanza: Bergen hadi Madrid, 12:10.

Inabidi nieleze hapa, japo aibu naiona mpaka leo. Sisi wapangaji wa ndege, popote duniani, tunatumia saa moja tu, ile ya Greenwich, ili rubani wa hapa na mwongozaji wa kule wasije wakapishana. Kiangazi saa za kwetu Norwei ziko mbele yake kwa saa mbili. Kazini hakuna anayesema saa nane na dakika kumi, tunasema kumi na mbili kumi, yaani 12:10 ya Greenwich, na imeniingia mpaka kwenye mifupa. Nilipokaa kumwandikia mpenzi wangu karatasi, huku nimejikaza nisilie juu yake, mkono ulijiandikia wenyewe saa za kazini. Mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

Oddny aliisoma juu ya bega langu. Kahawa ikampalia.

"Umempa saa za marubani! Mama yangu! Mtu anakwenda zake Chile, wewe unamkabidhi mpango wa ndege! Ungemwandikia na mafuta basi!"

"Oddny, nyamaza tafadhali."

"Miaka tisa hujawahi kukosea hata dakika. Unakosea leo?" Akaacha kucheka. Alinitazama vizuri, akaniondolea kalamu mkononi. "Shuka chini, mwanangu. Ndege zako nitaziangalia mimi."

Nikashuka ngazi mbili mbili.

"Imechelewa," Halvor alisema hata kabla hatujasalimiana. Macho yalikuwa mekundu, hakulala yule. "Ubao unasema saa nane. Saa mbili nzima imechelewa, na hakuna mtu wa kumuuliza. Nitaikosa ile ya Santiago."

"Haijachelewa."

"Torunn, angalia ubao."

"Ubao uko sawa. Karatasi ndiyo mbovu. Nimekuandikia saa za Greenwich."

Alinitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. Nilijua ningesutwa na nilistahili.

"Lakini tiketi unayo kwenye simu," nikasema haraka. "Simu si imekwambia saa nane?"

"Imeniambia."

"Sasa?"

"Simu imesema saa nane, karatasi yako ikasema saa sita na kumi. Nikaiamini karatasi yako."

Alilisema hivyo hivyo tu, jambo la kawaida, huku anaikunja. Shirika zima la ndege limemwambia hivi, mimi nimemwambia vile kwa kalamu ya wino, na yeye akabeba mabegi yake akaja kunisikiliza mimi. Nilikaa juu ya begi lake moja bila kuombwa.

"Samahani," nikasema.

"Ya karatasi?"

"Ya jana."

Alikaa juu ya begi la pili. Tukatazamana, magoti yanagusana, watu wanatuzunguka na mikokoteni yao. Halafu akaanza kucheka. Kicheko kilianza taratibu kifuani, kikapanda, mpaka akainamisha kichwa kwenye bega langu, na mimi nikacheka naye mpaka machozi, na katikati yake yale machozi hayakuwa ya kicheko tena.

"Kwa hiyo tuna saa mbili ambazo hatukuwa nazo," alisema.

"Tunazo."

"Umekula?"

Nilikuwa na chakula changu cha kazini, vipande vinne vya mkate na jibini ya kahawia, na kijikaratasi katikati ya kila kipande kama alivyonifundisha mama. Tukala hapo hapo juu ya mabegi. Nilimwandikia karatasi nyingine kwa saa za binadamu, akaikagua mstari kwa mstari kwa kunikomoa, akiuliza, "Hii ni saa ya Madrid ya kweli, au ya wale wenzako wa mawinguni?" Nikampiga na kofia. Alinieleza kwamba Puerto Montt nako mvua hainyamazi, kwamba juu ya maji unaona mlima wenye theluji, kwamba amemuuliza mtu kuhusu uwanja wa ndege wa kule na wanahitaji watu. Aliuliza hilo mwezi mzima uliopita, bila kuniambia, asije akanisukuma.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka uje kwa sababu unanitaka. Kazi ingekuja nyuma."

Nilimtaka. Mungu wangu, nilivyomtaka, mpaka mikono ilikuwa inaniuma. Nikafungua mdomo.

"Nikienda mimi, Halvor, baba atabaki na viti vitatu vitupu: cha mama, chako na changu."

Alinishika tu mkono, na nikaona usoni mwake kwamba alikuwa anaanza kujiandaa kwa lile neno lingine. Tulikaa hivyo mpaka kaunta ikafunguliwa na mabegi yakachukuliwa kutoka chini yetu, tukahamia kwenye viti. Ikawa saa saba kasorobo. Hapo ndipo nilipomwona baba.

Alikuwa anakuja na koti lake la sherehe, lile la vifungo vya fedha, nywele zimechanwa kwa maji. Alikuwa ameshika mfuko wa mikate ya mdalasini. Halvor alisimama wima mara moja.

"Kaa," baba alisema. "Nilikuja mapema nisiwakose. Nimezunguka huko maegesho nusu saa." Akampa Halvor mfuko. "Jana sikusema yote."

"Baba, si lazima."

"Torunn, hebu niache nimalize, nikinyamaza sitaanza tena." Alikaa, akaweka mikono juu ya magoti. "Mama yako alitaka kunifuata. Singapore. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja. Kampuni ilikuwa inatoa nyumba kwa wenye familia. Alishafunga vyombo kwenye makasha, vikombe vyote kavizungushia magazeti. Nikampigia simu nikamwambia asije. Nikamwambia ni mbali, kuna joto, mtoto ataugua, na mama yangu atabaki na nani. Nilikuwa na sababu nzuri nzuri tu. Akafungua makasha."

Sikuwahi kulisikia hilo. Mama hakuwahi kulisema, hata mwishoni alipokuwa anasema kila kitu.

"Hakunilaumu hata siku moja," baba aliendelea. "Afadhali angenilaumu. Jana nimekaa pale nauponda umbali mbele ya kijana wa watu, na mlipoondoka nikaona vibaya. Umbali haukunifanya kitu. Ni mimi niliyemwambia asije."

Halvor alikuwa ametazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, bila haya.

"Na wewe je, baba? Nani atakula na wewe Jumatano?"

"Nina miaka sitini na tisa. Nina meno, nina leseni ya gari, na kababu najua kupika. Nitakula. Nikimaliza nitakupigia simu nikuoneshe sahani." Alikohoa. "Ni saa ngapi vile mpaka huko?"

"Ishirini na nane."

"Na mabadiliko yote?"

"Na mabadiliko yote."

"Mimi kutoka Rotterdam mpaka Singapore zilikuwa siku thelathini na mbili, na njia nzima sijui kama mwanangu ameota jino au hajaota. Leo mtu ananitisha na saa ishirini na nane! Hata suruali haichafuki."

Oddny, ambaye zamu yake iliisha saa sita vilevile na hakuwa na biashara yoyote pale, alipenga kamasi kwa kishindo nyuma ya nguzo. Tukajifanya hatukumsikia.

Tulimsindikiza Halvor mpaka kwenye foleni ya ukaguzi. Baba alimpa mkono, akaushikilia kuliko kawaida yake, akamwambia jambo moja sikioni ambalo mpaka leo wote wawili wamekataa kuniambia. Kisha akarudi nyuma hatua kumi na kugeukia dirisha, kutupa nafasi.

Halvor alinishika mashavu kwa mikono yake miwili. Mikono ya mtu anayeshinda kwenye maji baridi, mikavu, imepasuka kwenye vidole. Nilitamani inibaki usoni.

"Torunn, nakuuliza mara ya mwisho, na ukisema hapana sitakuchukia. Je, uta..."

"Ndiyo."

"Sijamaliza kuuliza."

"Ndiyo, nimesema. Chukua nyumba ya familia."

Uso wake ulifanya kitu ambacho siwezi kukieleza. Alinivuta akanikumbatia mpaka nikasikia mbavu, akanibusu mbele ya foleni nzima, na watu wetu mnawajua, hawapendi kuchungulia ya wenzao, foleni yote ikaanza kusoma sakafu. Mama mmoja tu mwenye mtoto mgongoni alitutazama mpaka mwisho, akatabasamu. Nikamwambia Halvor nampenda. Nililisema kwa sauti, kwa maneno yake yenyewe, mara mbili, kwa sababu jana yake nilikuwa nimelisema kwa kilomita.

Alipita ukaguzi, akageuka, akapunga. Akapunga tena mpaka yule mkaguzi wa mkanda wa mizigo akamwambia asogee.

Nilipanda na baba mpaka kwenye dirisha kubwa la juu, tukaitazama ndege ikisukumwa, ikazunguka, ikakimbia, ikainuka kuelekea kusini. Mara moja ikaingia mawinguni, Bergen haikupi nafasi ya kuangalia kitu muda mrefu. Baba alikuwa anamega mkate wa mdalasini vipande vipande bila kuula.

"Una begi?" akaniuliza mwishowe.

"Begi gani?"

"La safari."

"Nina lile la kijani."

"Lile zipu imekufa zamani." Akajipangusa makombo kwenye koti la sherehe. "Twende mjini tukatafute jipya. Kubwa. Hujui kufunga mizigo, wewe, nitakufundisha."

Akatangulia kushuka ngazi, mikono nyuma, anatembea haraka haraka ili nisimwone uso. Nikampa nafasi, nikamfuata.